Shajara ya mradi: kuwafundisha wahandisi kupanga, kusimamia na kujadiliana

Wiki mbili kabla ya kuanza

Mtaala uko tayari. Vipindi 12, kimoja kila wiki, saa 3 kila kipindi. Nimevigawa mafungu matatu: vipindi 5 vya kupanga mradi, 4 vya kusimamia watu, na 3 vya mwisho vya majadiliano. Washiriki ni 18, wahandisi wa ujenzi, mitambo na umeme, na wachache wanaounda programu za kompyuta. Karibu wote wamepandishwa cheo hivi karibuni. Mtu jana alikuwa anakokotoa mzigo wa boriti, leo anaulizwa kwa nini kazi imechelewa na nani atabeba gharama.

Niandike pia kwa nini nimeuanzisha mradi huu, nisije nikasahau katikati ya safari. Mradi wa kwanza niliokabidhiwa kuusimamia ulichelewa miezi 4, na hakuna hesabu hata moja iliyokosewa. Pampu zilikuwa sahihi, valvu zilikuwa sahihi. Ila sikuwahi kumwuliza mtu wa kuidhinisha michoro anahitaji muda gani. Niliandika siku 3 kwa kuwa mimi ningetumia siku 3. Yeye alikuwa na miradi mingine sita mezani.

Makubaliano ya Washington, ambayo tangu mwaka 1989 yamezisaidia nchi kutambuliana shahada za uhandisi, yana orodha ya sifa za mhitimu, na humo usimamizi wa miradi na fedha umetajwa pamoja na mawasiliano na kufanya kazi katika timu. Kwa hiyo hakuna anayebisha kwamba mambo haya ni ya mhandisi. Lakini mimi niliyasoma katika kozi moja ya mwaka wa mwisho, usiku wa kuamkia mtihani, na asubuhi yake yakaishia kwenye karatasi ya majibu.

Wiki ya 1

Sikuanza na salamu ndefu. Niligawa karatasi yenye swali moja: kituo kidogo cha kusukuma maji kinahitaji pampu itakayoagizwa kiwandani, itachukua wiki ngapi mpaka ifike?

Watu 16 kati ya 18 waliandika namba moja. Nane, kumi, kumi na mbili. Wawili tu waliandika "inategemea" wakaeleza inategemea nini. Nilipowauliza wale 16 namba yao imetoka wapi, wengi walisema ni uzoefu. Nilipouliza kama wana uhakika, wakaanza kuitetea. Hilo nimelinukuu kwa kalamu nyekundu: namba ikishaandikwa, mhandisi anaitetea kama heshima yake.

Mhandisi huyohuyo hawezi kukubali kipimo cha chuma kisicho na kiasi cha kupungua au kuzidi. Ukimletea mchoro wa ekseli bila kiwango cha uvumilivu ataurudisha. Ila muda anautoa mkavu, bila uvumilivu wowote.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandikia tatizo hili mwaka 1979: mtu anapokadiria kazi yake anaitazama kutoka ndani, hatua kwa hatua jinsi anavyotarajia iende, wala hatazami kazi za aina hiyo zilichukua muda gani zilipofanywa na watu wengine. Dawa waliyoitaja ni kuanza na kazi zilizokwisha. Nimewapa kazi ya nyumbani: kila mmoja aje na kazi tatu alizowahi kufanya, muda aliokadiria na muda uliotumika.

Wiki ya 2

Walikuja nazo. Sitaziandika hapa kwa kuwa ni siri za ofisi zao, ila chumba kilikuwa kimya wakati zinasomwa.

Tukaingia kwenye makadirio ya namba tatu. Ni njia iliyotoka kwenye PERT, utaratibu uliobuniwa mwaka 1958 kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris ya jeshi la majini la Marekani. Unajiuliza muda mfupi kuliko wote, muda unaoelekea zaidi, na muda mrefu kuliko wote. Kwa pampu yetu darasa lilikubaliana 6, 10 na 20. Unazidisha ya kati kwa 4, unajumlisha zote, unagawa kwa 6: 6 + 40 + 20 ni 66, ukigawa unapata wiki 11. Tofauti ya 20 na 6, ukiigawa kwa 6, inakupa zaidi kidogo ya wiki 2 za kuyumba.

Mhandisi mmoja wa umeme akasema, "Mwalimu, kumbe hata ile kumi yangu ilikuwa pungufu kabla sijaanza kazi." Ndivyo hasa. Mambo mabaya yana nafasi kubwa ya kurefuka kuliko mazuri yalivyo na nafasi ya kufupika. Pampu haiwezi kufika kabla haijatengenezwa, lakini inaweza kukaa bandarini muda usiojulikana.

Wiki ya 3

Kipindi kizuri kuliko vyote mpaka sasa. Kilizidi muda kwa dakika 50 na hakuna aliyetoka.

Kituo kilekile cha maji. Usanifu wiki 3. Baada ya usanifu mambo matatu yanaanza pamoja: kuagiza pampu, ambayo kwa ajili ya zoezi niliirudisha kuwa wiki 10, kuchimba na kumwaga zege la msingi wiki 4, kisha zege kukomaa wiki 4, na kulaza mabomba wiki 5. Pampu na msingi vikiwa tayari, kufunga pampu wiki 2. Mwisho, kuunganisha na kujaribu, wiki 2.

Niliwaachia ubao. Walichora mishale, wakafuta, wakachora tena. Njia ya pampu: 3 na 10 na 2 na 2, jumla 17. Njia ya zege: 3, 4, 4, 2, 2, jumla 15. Njia ya mabomba: 3, 5, 2, jumla 10. Kwa hiyo mradi ni wa wiki 17, na njia ya pampu ndiyo njia muhimu: ikichelewa siku moja, mradi mzima umechelewa siku moja. Zege lina wiki 2 za kupumua, mabomba yana 7.

Hesabu hii ya kutafuta njia muhimu iliundwa mwaka 1957 na Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa kampuni ya Remington Rand, ikitafuta namna ya kupanga ujenzi na ukarabati wa viwanda vya kemikali. Wanafunzi wa uhandisi wote wameiona mahali fulani. Nilichotaka waone ni kinachofuata. Nikasema: mteja anataka wiki 15. Mtafanya nini?

Kundi la kwanza likaongeza watu kwenye mabomba. Nikawaacha mpaka wenyewe waliposoma ubao na kugundua kwamba wameongeza gharama bila kupunguza hata saa moja. Mabomba ndiyo kazi inayoonekana: mitaro iko wazi, watu wanapita wanaangalia, bosi akija anaanzia hapo. Oda ya pampu ni karatasi ndani ya jalada. Nimeona miradi mingi ikipigia kelele mtaro huku karatasi ya oda ikisubiri saini.

Kundi la pili lilifikiri vizuri. Kiasi cha maji na kimo cha kuyapandisha vinajulikana ndani ya wiki ya kwanza ya usanifu. Kwa nini oda isubiri michoro ya nyumba ya pampu? Wakaisogeza mwisho wa wiki ya 1. Sasa pampu inafika wiki ya 11, na zege nalo linakomaa wiki ya 11. Mradi ni wiki 15. Wakapiga makofi.

Nikawaomba watazame tena. Njia mbili sasa zinabana kwa pamoja. Zile wiki 2 za kupumua za zege zimekwisha. Hapo wahandisi wa ujenzi wakaanza kubishana wao kwa wao: siku 28 ni umri wa kupimia nguvu ya zege, siyo lazima uwe umri wa kusubiri, kwa saruji ya kawaida siku 7 huwa limeshafika kama theluthi mbili ya nguvu hiyo. Mwingine akajibu kwamba kufunga mtambo unaotetemeka si sawa na kuweka kabati. Walibishana kwa heshima na kwa hoja. Nilikaa pembeni nikasikiliza, nikafurahi.

Wiki ya 4

Nilileta jumba la opera la Sydney kama kivuli cha wiki iliyopita. Ujenzi ulianza mwaka 1959 wakati usanifu wa mapaa yale yenye umbo la makombe haujakamilika, kwa msukumo wa wanasiasa waliotaka kazi ionekane imeanza. Ilitarajiwa kwisha mwaka 1963 kwa dola milioni 7 za Australia. Lilifunguliwa mwaka 1973, kwa milioni 102. Nguzo za jukwaa zilizokwisha kujengwa hazikuweza kubeba mapaa yalivyokuja kuwa, ikabidi zijengwe upya.

Swali: kuna tofauti gani kati ya kuagiza pampu mapema na kuanza jukwaa mapema? Jibu lililonipendeza lilitoka kwa dada mmoja wa mitambo: pampu waliagiza kile walichokwisha kukijua, kule Sydney walijenga juu ya wasichokijua.

Baada ya hapo nikapanga kufundisha namna ya kuandika mpango kazi. Sikufika. Mshiriki mmoja aliinua mkono akauliza, "Haya yote tumeyaelewa, lakini nani atamshawishi mtu wa manunuzi atoe oda wiki ya kwanza? Kwetu hatoi oda bila michoro iliyogongwa mhuri." Mwingine akasema kwao ni fedha. Mwingine, bosi ameshamwahidi mteja wiki 12 kabla hajamwuliza mtu.

Nimerudi nyumbani na swali hilo. Nimekuwa nikifikiri kwamba mpango unakuja kwanza na majadiliano yanakuja mwisho, mtu akikwama. Kumbe kila mshale pale ubaoni ni ahadi iliyopatikana kwa kuongea na mtu. Wiki 10 za pampu ni neno la muuzaji. Siku 3 za kuidhinisha ni neno la mwidhinishaji, kama aliulizwa. Mpango ambao haujajadiliwa ni matumaini ya mtu mmoja.

Uamuzi: majadiliano yanahamia wiki ya 5. Nitapangua mtaala. Maandalizi ya mazoezi mapya nimeyakadiria kwa namba tatu: siku 2, 3 na 8. Wastani unakaribia siku 4.

Wiki ya 5

Siku 6 zilitumika.

Zoezi: jozi 9. Mmoja ni mhandisi wa mradi, mwenzake ni muuzaji wa pampu. Kila mmoja ana karatasi yake ya siri. Ya mhandisi inasema anahitaji pampu ifike wiki ya 11, anaweza kulipa mapema, na bei anayotajiwa iko juu ya bajeti kwa asilimia 8. Ya muuzaji inasema ana pampu ya aina hiyohiyo iliyoachwa na mteja aliyeahirisha mradi, inakula nafasi kwenye ghala, na anahitaji fedha taslimu kabla ya mwisho wa mwezi.

Ukizisoma karatasi zote mbili unaona suluhisho liko wazi. Pampu ipo. Fedha ipo. Lakini jozi 7 kati ya 9 zilivutana kwenye bei tangu dakika ya kwanza. Asilimia 8, hapana, 2, hapana, mwisho wakagawana nusu kwa nusu na kupeana mikono, na pampu ikabaki ya wiki 10. Jozi mbili tu ndizo zilizogundua ile ya ghalani, na zote mbili kwa njia moja: mhandisi aliuliza, "Kwa nini inachukua wiki 10?" Muuzaji akalazimika kueleza. Maelezo yakafungua mlango.

Niliwasimulia kisa cha Mary Parker Follett, mwandishi wa Marekani wa mambo ya usimamizi, alichokitaja katika mhadhara mwaka 1925. Alikuwa katika chumba kidogo cha maktaba pale Harvard. Mwenzake alitaka dirisha lifunguliwe, yeye alitaka lifungwe. Wakafungua dirisha la chumba cha jirani, pasipo na mtu. Mwenzake alitaka hewa, yeye hakutaka upepo wa kaskazini umpige moja kwa moja. Hakuna aliyelegeza chochote alichokihitaji. Nusu dirisha ingewaudhi wote wawili.

Neno "msimamo" tumelitenga na neno "haja". Msimamo ni anachosema mtu. Haja ni sababu ya kukisema. Nimewataka waandike haja za upande wa pili kabla ya kuandika za kwao. Hili ni gumu kwao kuliko njia muhimu, na nadhani najua sababu: shuleni tulizoeshwa swali lenye data zote. Hapa nusu ya data iko kichwani mwa mtu mwingine, na njia pekee ya kuipata ni kumwuliza, kisha kunyamaza.

Wiki ya 6

Njia mbadala. Kabla ya kukaa mezani, jua utafanya nini msipoafikiana. Mhandisi mwenye muuzaji wa pili aliyekwisha kumpa bei kwa maandishi hazungumzi sawa na asiye naye. Hata sauti inabadilika. Tulifanya zoezi lilelile, safari hii nusu ya jozi zikiwa na muuzaji wa pili. Tofauti ilisikika chumbani.

Tukagusa kwa ufupi zoezi la kumkatalia bosi. Nimewafundisha wasiseme "haiwezekani", kwa kuwa bosi anasikia "sitaki". Waseme: wiki 12 inawezekana tukipunguza hiki au tukiongeza kile; bila hivyo ni kati ya 15 na 18. Chagua. Mhandisi asiyependa siasa za ofisi anaweza kusema hivyo bila kujidhalilisha, kwa sababu ni ukweli wa kihandisi.

Wiki ya 7

Kipindi hakikufanyika. Washiriki 11 walikuwa kwenye makabidhiano ya kazi. Ratiba imesogea wiki 1, nimeiandika kwenye mpango na kuwaarifu wote siku hiyohiyo.

Wiki ya 8

Kusimamia watu. Kilichojitokeza zaidi ni kukabidhi madaraka. Mshiriki mmoja, hodari kuliko wengi pale, alisema anapitia kila mchoro wa vijana wake usiku, kila mmoja, kwa miaka miwili. Anachoka na vijana hawakui. Nilimwuliza anaogopa nini. Akafikiri kwa muda mrefu, akasema, "Naogopa kosa lenye saini yangu."

Hofu hiyo ni halali na sikutaka kuipuuza. Mhandisi anawajibika kwa maisha ya watu. Tulichofanya ni kuligawa jedwali lake la kazi katika sehemu tatu: yale ambayo kijana anaamua mwenyewe, yale anayoamua kisha anamwarifu, na yale ambayo lazima aulize kwanza. Njia ya kupitisha bomba ndani ya chumba, aamue. Kubadili kipenyo, aarifu. Kubadili valvu ya usalama, aulize. Alikaa na karatasi hiyo mpaka wenzake wamekwisha kuondoka.

Wiki ya 9

Challenger, chombo cha anga cha Marekani. Nilikiogopa kipindi hiki.

Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kukirushia, walipendekeza kwa simu kwamba chombo kisirushwe katika baridi iliyokuwa inatabiriwa, wakisema mipira ya kuzibia viungo vya roketi haijathibitika chini ya nyuzi 53 za Farenhaiti, yaani kama 12 za Selsiasi. Kampuni ikaomba ikae pembeni. Humo ndani mkuu wa uhandisi aliambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya usimamizi. Waliporudi kwenye simu, pendekezo lilikuwa limegeuka. Kesho yake, sekunde 73 baada ya kuruka, watu 7 wakafa.

Tume iliyochunguza ilionyesha jambo ambalo nililichora ubaoni. Ukizitazama peke yake safari ambazo mipira hiyo ilikuwa na dalili za kuungua, baridi haionekani kuwa sababu, kwa kuwa dalili zimetawanyika. Ukiziweka na zile zisizo na dalili, picha inabadilika: katika safari 20 za nyuzi 66 na zaidi, 3 tu zilikuwa na dalili, katika safari 4 za nyuzi 63 na chini, zote 4 zilikuwa nazo.

Sipendi kisa hiki kinapotumiwa kusema wahandisi hawajui kujieleza. Walisema, na walisema mapema. Roger Boisjoly, mmoja wao, alikuwa ameshaandika onyo miezi kadhaa kabla. Mzigo wa kuthibitisha uligeuzwa: wakatakiwa waoneshe kwamba ni hatari, badala ya mtu kuonesha kwamba ni salama. Nataka washiriki wangu waitambue sauti hiyo watakapoisikia. Na nataka wajue kupanga data yao ili uamuzi uonekane kwenye ukurasa mmoja. Mambo haya mawili yanaenda pamoja, na la pili halimwondolei msimamizi wajibu wa la kwanza.

Dada yule wa mitambo aliuliza kama mtu anaweza kuvaa kofia zote mbili kwa wakati mmoja. Tulizungumza mpaka muda ukaisha, na sijalifunga swali lake.

Wiki ya 10

Zoezi la mwanasaikolojia Gary Klein, alilolieleza mwaka 2007: fikiria mradi umeshashindwa, kisha kila mtu aandike umekufa kwa sababu gani. Dakika 5, kimya. Ukiuliza "kuna hatari gani?" watu wanaogopa kuonekana wanavunja moyo. Ukisema mradi umekwisha kufa, kutaja sababu kunakuwa kazi ya akili tu.

Kundi la kituo cha maji liliandika sababu 23. Ya kwanza kwa wingi haikuwa pampu wala zege. Ilikuwa umeme: hakuna aliyeweka kwenye mpango muda wa kuomba laini ya umeme. Kwa wiki 7 tumechora mtandao ule na mimi mwenyewe sikuiona. Nimeirekebisha karatasi ya zoezi, na nimeamua kwa kundi lijalo niiache bila kuirekebisha mpaka wao waione.

Wiki ya 13 (kipindi cha mwisho, tumechelewa wiki 1 tu)

Sikutoa mtihani. Kila mmoja alileta mpango halisi wa kazi aliyonayo mkononi na barua moja aliyoituma kwa mteja, muuzaji au bosi tangu tuanze. Nilirudia pia karatasi ya wiki ya 1 kwa kazi nyingine. Watu 13 walitoa kiwango cha chini na cha juu, pamoja na sababu. Watano bado waliandika namba moja. Nimeongea nao mmoja mmoja. Wawili kati yao walisema ofisini kwao fomu ina kisanduku kimoja tu cha muda, na hakuna nafasi ya namba ya pili.

Hilo sikuliwazia. Nimekuwa nikimfundisha mhandisi huku fomu ya bosi wake inamfundisha kinyume.

Kazi zinazofuata, kwa mpangilio wa haraka: kuomba kikao cha saa 2 na wakuu wa washiriki, nikianza na wale wawili wenye kisanduku kimoja, kuwapigia washiriki wote baada ya wiki 6 kuuliza mipango yao imefikia wapi, na kuandika upya mtaala, majadiliano yakianza wiki ya 2. Maandalizi ya hilo la mwisho: siku 5, 9, 20.